Sikukuu ya Kumkimbia Mkwe

Wale mlionicheka juma lililopita, chekeni na leo. Mimi nimeshazoea.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni Mbuke binti Nyanda, Msukuma wa Usangu. Isakwisa alinitoa bomani kwa baba yangu karibu na Rujewa kwa maneno matamu na suruali ya bugaluu. Aliniahidi nyumba ya umeme Mbeya mjini. Nilipofika nikakuta chumba na nusu Mwanjelwa, bati linavuja, na umeme wenyewe uko kwa jirani. Humo nikazaa mtoto wa kiume. Wakwe wakampa jina la Asukile bila kuniuliza, nami nikampa langu, Seni, jina la babu yangu.

Juma lililopita tuliishia pale Isakwisa aliporudi kutoka kazini anacheka peke yake. Alikuwa amehamishiwa Iringa, na huko kapewa nyumba ya matofali.

Nilipomuuliza tunahama lini, akaanza kukohoa. Kuhama mimi na yeye, akasema, si neno lake, ni neno la baba yake. Mzee akikubali, tunaondoka watatu. Mzee akikataa, mimi narudi Usangu peke yangu, na mtoto anabaki Tukuyu kwa bibi yake, maana ng'ombe walishatolewa na mtoto ni wao.

Yaani mtoto niliyembeba miezi tisa na kumnyonyesha mingine mitano, nimwache kwa neno la mzee ambaye hata sura yake siijui.

Wasomaji wa pwani mtadhani natania. Sitanii. Katika ukoo wa Isakwisa, Wanyakyusa wa kule juu, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, wala baba mkwe hamtazami yeye. Hawakai chini ya paa moja. Jina lake hulitamki. Mkikutana njiani, mwanamke ndiye anayeingia majanini, anachutama na kujifunika uso mpaka mzee apite. Eti ndiyo heshima.

Kwetu mkwe unampigia goti, unamsalimu, anakuitikia, kila mtu anakwenda zake. Heshima ya kukimbizana kama kuku na mwewe nimeikuta huku milimani. Mara mbili mzee huyo alikuja Mbeya, na mara zote mbili nilishinda kwa jirani yangu Benedicta nikimenya viazi visivyo vyangu, mpaka niambiwe mkwe ameondoka.

Basi asubuhi ya tarehe tisa Desemba, Uhuru ukitimiza miaka kumi na mitano, Isakwisa aliamka na upole ambao sikuwahi kuuona. Alichemsha chai mwenyewe. Akambeba mtoto. Wanawake wenzangu, mwanamume asiyejua hata chumvi inakaa wapi akikuchemshia chai, usinywe kwanza, muulize.

Mimi nilikunywa.

Akasema mzee anafika leo kulimaliza lile shauri la Iringa, kwa hiyo nisiwepo nyumbani. Hilo nililitegemea. Ila safari hii, akasema, hataki nijibanze kwa Benedicta kama mwizi. Mji mzima una sikukuu. Si haki mtu akae Mbeya mwaka na nusu aondoke hajauona mji. Dada yake Ikupa atanitembeza, nione gwaride, nione maduka ya Uhindini, nifurahi kama wake za watu wengine.

"Ila usirudi kabla ya jioni," akasema, akarudia. "Mzee akikuona tu, habari ya Iringa imekwisha."

Nikaona leo mume wangu ananipigania. Nikamfunga Seni mgongoni, nikavaa kanga zangu mpya, nikatoka naringa.

Huyo Ikupa, wifi yangu, mnamkumbuka. Anauza katika duka la ushirika, na kwa vile yeye ndiye anayeiona sukari kabla ya watu wengine, anajiona waziri. Alinijia amevaa viatu vya raizoni vya soli nene, nywele amezitimua afro, na mwavuli mmoja wa maua. Nilidhani mwavuli ni wetu sote. Ulikuwa wake.

Kabla hatujafika uwanjani mvua ikaanza. Mvua ya Mbeya ya Desemba haina adabu. Haitangulizi manyunyu, inamwagwa.

Watoto wa shule walikuwa katikati ya uwanja wanafanya halaiki, wanajipanga waandike UHURU kwa miili yao. Walipofika herufi ya tatu, mvua ikawazidi, wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Mgeni rasmi akaendelea kusoma hotuba, karatasi zimemgandia mikononi. Watu wakapiga makofi ili amalize upesi.

Ikupa akasema hayo ndiyo ya uwanjani, nimeshayaona, sasa twende nikaone mji.

Akanionyesha mlima Loleza. Alinyoosha kidole kwenye wingu, nami nikalitazama wingu. Akanipeleka Uhindini kuona maduka. Yote yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu, tukatazama makufuli. Akanionyesha jengo la sinema, bango lake limelowa limedondoka nusu, mwanamume wa kwenye picha amebaki miguu na bastola. Kila tulipofika aliniuliza kama kwetu Usangu vitu hivi vipo, na kila mara nilimjibu kwamba mvua ipo.

"Si ndiyo mnayoiomba, nyie watu wa ng'ombe?" akasema.

Nikamwambia tunaiomba inyeshee majani, wifi, si migongo ya wanyonyeshao.

Seni alikuwa ameshaloa. Nilimwomba Ikupa tujibanze mahali. Akafikiri, akatazama saa yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akasema anapajua pakavu kuliko pote Mbeya, tena penye cha kutazama: stesheni ya reli mpya, tukaone treni.

Nilikuja kujua baadaye kwamba kaka yake alimkataza mahali pamoja tu katika mji mzima, na mahali penyewe ni hapo. Alimwambia, mpeleke unakotaka ila si stesheni. Lakini stesheni palikuwa na Kalinga, kijana wa Kihehe mwenye kofia ya reli, na Ikupa hakupaka wanja ule kwa ajili yangu.

Tukadandia lori lililokuwa linarudisha watoto wa halaiki. Watoto wanatetemeka, rangi za kofia zao za karatasi zinawachuruzikia mashavuni. Ikupa alikaa mbele na dereva. Mimi na mwanangu tulikaa nyuma pamoja na ile Uhuru.

Stesheni sitaki kuisema vibaya. Ni jengo la haja, ngazi pana, ukumbi mkubwa, bati halivuji. Treni ilikuwa imeshaingia inangoja saa yake. Watu wa sikukuu wamejaa, wengi hawana safari, wamekuja kutazama tu na kukimbia mvua. Kalinga akatutokea kama aliyekuwa akituchungulia. Ikupa akaniambia nikae hapo kwenye benchi la ukutani, nisiondoke, wanakwenda kunywa chai mara moja.

Walikwenda na mwavuli wao.

Nikakaa. Nikamfungua Seni, nikaona midomo yake imekuwa ya bluu. Kanga ya kumfunika imelowa, ya kujifunika mimi imelowa, hakuna pa kushika. Nikamminya kifuani nikaanza kulia, kulia kwa hasira, nikiwatukana wote mmoja mmoja, kuanzia aliyetengeneza mwavuli wa mtu mmoja.

Ndipo akaja mzee mmoja akakaa upande wa pili wa benchi. Mrefu, mvi zimekaa vizuri, kofia nyeusi, koti refu zito la baridi, viatu vya mpira vina tope jekundu. Nikamwamkia shikamoo, nikapiga goti hapo hapo sakafuni kama nilivyolelewa. Akapendezwa.

"Ndaga, mwanangu," akasema, kwao ndiyo asante. "Siku hizi wasichana wa mjini hata kichwa hawainamishi."

Kisha akamwona mtoto. Hakuuliza lolote. Akavua koti lake, akanifunika nalo begani yeye mwenyewe, akamchukua Seni mikononi mwangu, akampangusa kwa kitambaa chake cha shingo, akamweka ndani ya koti kifuani kwangu, akafunga vifungo viwili. Akasema mtoto wa hivi akilala na maji, kesho ni kichomi. Akabaki na shati na fulana yake ya sufu katika baridi ile.

Nimeishi Mbeya mwaka na nusu, na huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenifanyia jambo bila kuniambia kwanza jinsi nilivyo mshamba.

Tukaongea. Akaniuliza jina la mtoto, nikasema Seni. Akaniuliza kwetu, nikasema Rujewa, Usangu. Aliposikia Usangu akageuka akanitazama vizuri, akatikisa kichwa.

Akasema afadhali amempata mtu wa huko, amweleze, maana yeye limemshinda. Ana kijana wake, mzuri, ana kazi, alikwenda kuoa Usangu kwa Wasukuma. Ng'ombe walitoka. Leo kijana anapata cheo, anahamishwa, mwanamke amekataa katakata kumfuata mumewe. Hakuaga mtu. Amechukua mtoto mchanga amerudi kwao kwenye ng'ombe, mwezi wa pili huu. Kijana analia, hali chakula.

Nami, wasomaji, kwa kumpendeza mzee aliyenivika koti, nikamtukana huyo mwanamke. Nilimtukana kwa moyo wote. Nikamwambia kwetu wapo wa namna hiyo, wavivu, wamezoea maziwa ya bure, ukimpa jiko la mkaa analia. Nikasema mwanamke anayekimbia mume mwenye kazi hana akili, na mtoto wake atakuwa kama yeye asipotolewa mapema.

"Wamwache huko huko," nikasema. "Mtafutieni kijana wenu mke mwingine."

Mzee akanishika mkono akanishukuru.

"Ndivyo nilivyofanya," akasema. "Nimemletea Yudith, binti wa mwinjilisti wetu. Yumo ndani ya behewa na mizigo. Isakwisa amekwenda kununua mkate wa njiani, wanaondoka sasa hivi. Wakishuka Makambako ni basi tu mpaka Iringa."

Nilisikia jina la mume wangu likitoka kwenye mdomo wa mzee yule.

Yeye anaendelea. Anasema ndoa ile ya Usangu haikufungwa kanisani, ilikuwa ya ng'ombe tu, kwa hiyo yeye kama mzee wa kanisa haoni dhambi. Anasema mvua zikikatika atakwenda Usangu mwenyewe kumchukua mjukuu wake, Asukile, maana mtoto hana kosa na ng'ombe walishatolewa. Sikilizeni hesabu za wakubwa: ng'ombe wale wale wanatosha kumchukua mtoto, ila hawatoshi kunifanya mimi kuwa mke.

Na mtoto mwenyewe alikuwa amelala kwenye koti lake, amemshika babu yake kidole.

Hapo ndipo ujanja wa Isakwisa ulipofunguka mbele yangu wote. Mwenyewe haiamini mila ile hata kidogo. Aliigeuza pazia. Mzee hawezi kuniuliza mimi, mimi siwezi kumuuliza mzee, wala mmoja wetu hajui sura ya mwenzake. Katikati anapita yeye peke yake na bugaluu lake, anamwambia huyu hivi na yule vile. Kunitembeza mji kumbe ni kuniondoa mlangoni ili wanawake wapishane.

Sasa nifanye nini? Adabu ya ukoo ule ilikuwa inanitaka niruke kutoka kwenye benchi, nijifunike uso, nikimbie nikachutame mvuani nyuma ya stesheni. Nikimbie, na treni iondoke na mume wangu, na mvua zikikatika mzee aje amchukue mwanangu. Nikikaa nikasema, nimemtazama mkwe usoni kwa kujua, nimemtia aibu mbele ya umati, na mke wa namna hiyo kwao hafai hata kuteka maji.

Nikasema moyoni, potelea mbali. Koti nimeshalivaa.

"Mzee," nikasema, "yule mwanamke wa Usangu hakukimbia."

Akauliza nimejuaje.

"Ndiye mimi. Na huyu aliyekushika kidole, kwenu mnamwita Asukile."

Sikuwahi kuona mzee akisimama upesi namna ile. Alichomoa kidole, akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, akageuka akaukabili ukuta. Watu wakaanza kututazama. Akasimama hivyo, paji la uso linakaribia kugusa chokaa, mabega yanatetemeka. Kwa baridi au kwa hasira, mimi sikujua. Nilimwita, hakuitika. Nilimwambia Isakwisa ameniambia hivi na hivi, hakuitika. Asingeweza. Mila yake ilikuwa imemfunga mdomo wakati ule ule nilipouhitaji.

Tena hakuwa mjinga wa kuniamini hivi hivi. Mwanamke yeyote mwenye mtoto anaweza kujipachika.

Ndipo Isakwisa akaingia anakimbia kutoka mvuani, mkate kwapani, chupa mbili za soda mikononi, nywele zinang'aa mafuta. Akaniona. Akaliona koti la baba yake mabegani mwangu. Akamwona baba yake amesimama ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Mwanamume mwenye nusu ya akili angeziweka chini zile soda akaomba msamaha. Huyu wangu alifikiri kidogo, halafu akajitia uchaji.

"Tata, usigeuke," akampigia baba yake kelele. "Mkweo yuko hapo nyuma yako. Toka, baba, ni mwiko."

Mzee hakutoka, alibaki ameelekea ukuta wake. Halafu akasema polepole, kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

"Uliniambia yuko Usangu."

Isakwisa akafungua mdomo. Nilingoja kwa hamu nisikie ni uongo gani utatoka, maana kiwanda chake hakijawahi kufungwa. Hakikutoa kitu. Soda moja ikamponyoka ikapasuka sakafuni, ikamlowesha bugaluu.

Mzee akarudi kinyumenyume, uso bado ukutani, akapapasa mpaka akaishika shingo ya shati ya mwanawe. Akaikamata. Mkulima wa chai wa miaka yote ile, vidole vyake si vya mchezo. Kisha akaanza kuzungumza, na niliona ajabu, maana sauti ilikuwa ya upole na haikuelekezwa kwa Isakwisa wala kwangu.

"Mjukuu wangu Asukile," akasema, akiuambia ukuta. "Unanisikia? Mwambie mama yako kwamba babu yako amedanganywa. Mwambie mimi siwezi kusema naye, ila wewe ni damu yangu, na wewe nasema nawe."

Seni alikuwa anakoroma.

"Mwambie, kwenye mfuko wa ndani wa koti kuna tiketi mbili nilizozinunua mimi. Mwambie apande treni. Baba yako atabaki na mimi, tuna mazungumzo, twende naye Tukuyu akayaeleze mbele ya mama yake. Na koti asilirudishe."

Isakwisa akalalamika kwamba kazi inamngoja, kwamba mizigo yake yote imo ndani, kwamba Yudith yumo ndani. Mzee akamkaza shingo, naye Isakwisa akaishia kukoroma kama mwanawe.

Kengele ya reli ikalia. Watu waliokuja kutazama treni sasa walikuwa wananitazama mimi, na mama mmoja mwenye kapu la ndizi akanisukuma mgongoni akaniambia, wewe dada, mtoto ameshaambiwa, nenda. Nikapiga goti mbele ya mgongo wa mkwe wangu. Sikujua kama inaruhusiwa. Nikainuka nikakimbia.

Nataka niseme kweli yote kama nilivyoahidi gazeti hili. Sikukimbilia Iringa. Nilikimbilia nywele za Yudith. Nilipopanda vile vidaraja vya behewa nilikuwa nimeshapanga: namkamata hapa, namvuta pale, namtoa nje kwa dirisha na mizigo yake kabla treni haijaondoka. Binti wa mwinjilisti, naye yuko radhi kupanda treni na mume wa mtu siku ya sikukuu.

Nikamtambua kwa mizigo. Sanduku la bati la Isakwisa nalijua, kona yake moja nimeigonga mwenyewe kwa nyundo. Juu yake amekaa msichana mwembamba, hajafika miaka ishirini, gauni la kwaya, viatu vimepangwa pembeni ili visilowe, na Biblia magotini. Alipoona nina mtoto mchanga akainuka kabla sijasema neno.

"Kaa hapa, dada," akasema. "Nafasi ya dirishani ni ya mume wangu, lakini hajaja. Mtoto asipigwe na baridi."

Matusi yangu yote yalikuwa mdomoni, nimeyapanga kwa ukubwa. Nikakaa.

Treni ikashtuka, ikaanza kwenda. Yudith akaruka dirishani akatoa kichwa mvuani. Aliita jina la Isakwisa mara nyingi, na jukwaani sote wawili tulimwona vizuri: ameinama, ameshikwa shingo na mzee anayetembea kinyumenyume, mkate umeangukia kwenye maji. Karibu yao Ikupa amesimama na mwavuli wake, mdomo wazi, Kalinga simwoni.

Msichana akakaa sakafuni. Hakulia. Aliuliza tu, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, kwa nini baba mkwe amemzuia.

Nikamwambia mimi ni nani. Nilimwambia kwa ukali niliokuwa nao, sikumpunguzia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mtoto, akatazama koti. Akasema aliambiwa mke wa kwanza alikufa kwa uzazi, mtoto naye akafa. Isakwisa alimwapisha asimtajie mtu, naye Yudith akaniimbia peke yake wimbo wa mazishi.

Yaani kwa mzee niko hai nimekimbia, kwa binti nimekufa nimezikwa. Mwanamume yule hata uongo mmoja hawezi kuutunza.

Mvua inapiga kioo. Halafu Yudith akaingiza mkono kifuani mwa gauni lake akatoa ufunguo mpya uliofungwa uzi.

"Wa nyumba ya Iringa," akasema. "Kanipa nimtunzie asiupoteze. Dada, wewe unaijua nyumba yenyewe iko mtaa gani?"

Sikuijua. Sikuwahi kuambiwa hata jina la mtaa. Nilikuwa bado natafuta jinsi ya kumjibu bila kumchekesha Shetani, mkagua tiketi akafika.

Akaanza na yeye. Yudith akasema kwa sauti ndogo kwamba tiketi yake anayo mume wake, na mume wake ameachwa stesheni. Mkagua akacheka kidogo, kama anayesikia hadithi hiyo kila siku. Akamwambia akusanye vitu vyake, stesheni inayofuata atashuka.

Kisha akanigeukia. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti la mkwe wangu, nikampa nilichokishika bila kutazama. Akazipiga tiketi zote mbili kwa koleo lake, akatazama kitini kwangu, akatazama sakafuni.

"Wewe mama uko mmoja, na mtoto wa mgongoni halipi," akasema. "Hii ya pili ni ya nani?"

Yudith alikuwa ameshaanza kuvaa viatu vyake. Akaacha, akanitazama.